Mahamri ya Kivukoni

Nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto, shingo huniuma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia tuliuza mahamri kivukoni Likoni, ubavuni mwa mwanamke aliyeuza mahamri yale yale. Mama alichoka kugombea wateja naye, akahamia juu ya mteremko, pasipo muuzaji mwingine. Jiko nililibeba mimi.

Watu walitupita tu. Adhuhuri mahamri yalikuwa yamepoa, na unga ulikuwa wa mgao.

Yule mwanamke akapanda hadi tulipo, sinia lake limejaa vilevile.

"Shoga, rudi," akasema. "Tukiwa wawili watu husimama kuchagua. Peke yangu wananipita."

Mama alinitwika jiko, tukateremka.

Kesho yake alfajiri walikaa ubavu kwa ubavu, hawasemezani, wakipeana makaa.