Saa ya Uongo ya Mama Umeomba

Saa nane na nusu mchana. Katika ukumbi wa ghorofa ya pili viti vimepandana hadi usawa wa dirisha, birika la umeme linaguna pembeni, na mwanamke mfupi aliyevua viatu anashusha kiti kimoja baada ya kingine huku akivigombeza kwa kutokaa sawa. Mwandishi wa makala haya, aliyefika na kalamu akidhani amekuja kuhoji, amekwisha kabidhiwa meza ya kuhamisha.

"Usiiburute hiyo, baba. Inyanyue. Sakafu imepigwa deki asubuhi."

Huyu ni katibu muhtasi wa Idara ya Kiingereza na Uandishi wa Kubuni. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu hawamwiti hivyo. Wanamwita Mama Umeomba, kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake. Watu wengine wakikutana kwenye ngazi huulizana habari. Yeye hukukazia macho na kusema, "Umeomba?"

Umeomba nini? Chochote kilichotangazwa wiki hiyo: ufadhili wa utafiti, shindano la hadithi fupi, warsha ya ushairi, kongamano linalotaka mada, jarida linalotafuta wahariri wasaidizi. Kwa mujibu wa mkataba wake, kazi ni kubandika matangazo ubaoni na kuyatuma kwenye simu za wanafunzi. Lakini miaka kumi na minane ofisini imemwonyesha kwamba mtu anaweza kupita mbele ya ubao huo kila siku na asione kitu.

"Ubao haumkimbizi mtu," anasema. "Mimi namkimbiza. Nimewahi kumfuata mmoja mpaka kwa kinyozi. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, nikamwambia kaa hapohapo unisomee wasifu wako."

Mshahara wake ni wa karani, na hauongezeki hata senti wanafunzi wakishinda. Kinachoongezeka ni picha za washindi ukutani juu ya meza yake. Zimejaa mpaka swichi ya taa imepotea katikati yao, na mgeni akitaka kuwasha taa lazima aelekezwe.

Leo ni siku ya Jukwaa la Mwezi. Wanafunzi husoma kazi zao mbele ya wenzao na mgeni mmoja mwalikwa. Tangazo lenye maua pembeni, alilolitengeneza mwenyewe, linasema saa tisa alasiri. Ukweli ni saa kumi.

"Hawa ni waandishi," anaeleza, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Ukiwaandikia saa kumi watafika saa kumi na moja, tena wakiuliza chai iko wapi. Kwa hiyo nawadanganya kidogo. Wao wanajua nadanganya, na mimi najua wanajua. Tunaelewana vizuri kabisa."

Mumewe, fundi wa majokofu, anasema tabia hiyo imehamia nyumbani. "Anatangaza chakula saa moja, kinaiva saa mbili," analalamika kwenye simu huku akicheka. "Siku moja nilinawa mikono mpaka ikakauka, nikanawa tena."

Lakini safari hii Mama Umeomba hana raha kamili. Kuna mwanafunzi mmoja anayemkosesha usingizi.

Ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayemalizia shahada ya uzamili. Wenzake wamembatiza Bi Mlangoni. Kwenye kila Jukwaa hufika wa kwanza, si kwa bidii, bali kukiwahi kiti cha karibu na mlango. Mwaka wake wa kwanza alipanda kusoma, sauti ikakatika kwenye sentensi ya pili, akashuka mbiombio na kuacha mkoba. Tangu hapo hajapanda tena.

Sasa kuna nafasi katika nyumba ya waandishi: mwezi mzima wa kukaa na kuandika, chumba na chakula bure. Ni ya wanafunzi pekee, na yeye anamaliza mwaka huu. Mwisho wa kuomba ni kesho. Kila kitu anacho, isipokuwa sharti moja: mwombaji awe amewahi kusoma kazi yake nzima mbele ya hadhira, na idara ithibitishe.

"Alinijia wiki iliyopita," Mama Umeomba anasema, akikaa kwa mara ya kwanza. "Akaniambia, mama, si uandike tu kwamba nilisoma? Nikamwambia, mwanangu, saa naidanganya, hilo silidanganyi. Wewe panda usome hata kwa kunong'ona, mimi nitasaini kwa wino wa dhahabu. Akalia. Na mimi nikalia alipotoka. Unafikiri kazi hii ni rahisi?"

Saa tisa kamili mlango unafunguliwa. Anaingia mama mrefu mwenye miwani na mkoba wa ngozi, anaangalia viti vitupu, anaangalia saa yake.

Ni mgeni mwalikwa, mhariri wa shirika la uchapishaji. Siku zote wageni huambiwa saa ya kweli kwa simu. Huyu, kwa sababu Mama Umeomba alikuwa amelipenda mno tangazo lake la maua, alitumiwa tangazo.

"Yarabi, nimeumbuka," Mama Umeomba ananong'ona, akitafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza.

Anamwendea mgeni na kusema ukweli wote palepale. Mhariri anasikiliza, uso mkavu. Kisha anauliza, "Kwa hiyo wanafunzi watafika saa ngapi?"

"Saa kumi, dada yangu. Wakijitahidi."

"Na mimi nifanye nini saa nzima?"

Ukumbini kuna watu wanne: wao wawili, mwandishi wa makala haya na meza yake, na pale karibu na mlango, Bi Mlangoni, aliyepenya nyuma ya mgeni na sasa ameketi, mkoba ameukumbatia mapajani. Mama Umeomba anamtazama. Bi Mlangoni anaona anavyotazamwa na kuanza kuinuka.

"Kaa!" Mama Umeomba anavuka ukumbi, kiatu kimoja mguuni. Anainama na kuongea taratibu, lakini ukumbi mtupu hauna siri. "Mwanangu, niokoe. Mgeni wa watu amekaa bure kwa kosa langu. Msomee hadithi yako. Hakuna mtu hapa. Sisi ni viti tu."

"Mama, siwezi."

"Hunisomei mimi. Unamliwaza mgeni. Nisaidie, nimejitia aibu."

Alipoulizwa baadaye kwa nini alikubali, Bi Mlangoni alisema hakuwa akifikiria sharti lolote. "Nilimwonea huruma. Nimemfahamu miaka mitatu na sijawahi kumwona amekwama. Nikasema ngoja nimsaidie, ni mtu mmoja tu wa kumsomea."

Chai ya mgeni na kubembelezana vinakula muda; ni saa kumi kasoro robo anapopanda. Hawashi kipaza sauti. Sauti inatoka nyembamba. Hadithi ni ya dada wawili wenye jozi moja ya viatu vizuri, walioitwa kwenye usaili wa kazi asubuhi moja, katika ofisi mbili tofauti. Kwenye ukurasa wa pili mhariri anacheka, na sauti ya msomaji inapata mwili.

Hapo mlango unafunguka taratibu. Wanafunzi wawili wanachungulia, wanashangaa nani yuko juu, wanaingia kwa ncha za vidole. Kisha watatu. Kisha kundi. Mama Umeomba amesimama mlangoni kama askari, kidole mdomoni, anawapitisha mmoja mmoja na macho ya kuua kwa yeyote atakayethubutu kukohoa. Kijana mmoja amebeba pakiti ya biskuti inayochakacha. Ananyang'anywa.

Bi Mlangoni haoni kitu. Kichwa ameinamisha kwenye karatasi, na dada wawili wamefika kituo cha basi, kila mmoja na kiatu kimoja.

Anamaliza, anakunja karatasi, anainua macho kumwangalia mgeni wake mmoja. Ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi za jukwaa.

Anaonekana anapima umbali wa mlango. Kisha mkuu wa idara, aliyefika kwa kuchelewa kuliko wote, anaanza kupiga makofi, na ukumbi unalipuka. Bi Mlangoni anajifunika uso kwa karatasi zake na kucheka, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nyuma kabisa, Mama Umeomba yuko hoi, anapenga kamasi kwa kitambaa cha kufutia meza.

Uthibitisho aliusaini palepale, juu ya mgongo wa mwandishi wa makala haya.

Wiki tatu baadaye majibu yalikuja: Bi Mlangoni amepata chumba. Habari zilimkuta Mama Umeomba ofisini, akapiga vigelegele hadi mkuu wa idara akatoka mbio akidhani kuna moto.

"Watu wanadhani ujasiri unakuja kwanza, halafu watu ndio wanakuja," anasema, akimenya chungwa juu ya gazeti. "Yule alianza bila watu, ujasiri ukamjia njiani. Nikafikiri, kumbe ninao wangapi wa namna ile? Wanaandika, wanafungia kabatini, wanahitimu, basi."

Mpango wake umeshapitishwa na idara. Kuanzia sasa saa ile ya uongo, tisa hadi kumi, kabla umati haujafika, ni ya wenye hofu. Anayeogopa anaanza ukumbi ukiwa mtupu, na wengine watamkuta ameshashika kasi.

"Mwezi ujao wawili wameshaniomba," anasema. "Mmoja ni wa uzamivu, ana ndevu zake, mtu mzima. Alikuja hapa akafunga mlango nyuma yake, akaniuliza kwa sauti ya chini: mama, na ule ukumbi, ni mtupu kweli? Nikamwambia njoo mapema, baba. Mimi nitakuwepo."