Maneno ya Wino wa Kijani Mgongoni Mwangu

Admin, weka ujumbe huu lakini ficha jina langu na la shule, maana darasa letu karibu lote linasoma ukurasa huu, na huyo mtu naye atasoma. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, niko Lubumbashi. Mwaka huu nimefanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, matokeo yametoka, nimefaulu, wamenimwagia poda kichwani kunishangilia mpaka nikapiga chafya njia nzima. Ningepaswa kuwa na furaha. Badala yake nimekaa na shati langu la shule mapajani, namshuku kila mtu niliyesoma naye.

Sisi wa mwaka wa sita tuna desturi. Siku ya mwisho ya mtihani tunaandikiana kwenye mashati kwa feutre, zile kalamu za wino mzito. Majina, utani, maneno ya kuagana. Shati hilo halifuliwi, ni ukumbusho. Anayekuandikia mbele unamwona, lakini mgongoni unasikia kalamu tu ikikutekenya. Nilirudi nyumbani nimejaa wino, mama akanigeuza ili asome. Alikuwa anacheka, ghafla akaweka kidole chini ya kola.

"Banasema barua gani hapa?" akaniuliza.

Nikalivua. Chini ya kola, kwa wino wa kijani, bila jina, mtu ameandika: "Unisamehe juu ya ile barua. Judith hana kosa."

Tulipokuwa mwaka wa tano, mtu alimwandikia préfet, mkuu wetu wa shule, barua isiyo na jina. Ilisema nina mimba, ndiyo maana navaa pull-over, yaani sweta, kila siku, na kwamba Jumatatu nilitapika nyuma ya vyoo. Ilikuwa mwezi wa tano, baridi imeanza, nani hakuvaa pull-over? Na kutapika kule ilikuwa malaria. Préfet alimwita papa, baba yangu, akamsomea barua mbele yangu. Papa ni shemasi. Mama alinipeleka kupimwa, hawakuona mimba yoyote, lakini papa hakunisemesha miezi mitatu na kwenye kwaya nilitolewa. Mpaka leo kuna mama mmoja kanisani akiniona anaanza kuniangalia tumbo.

Rafiki yangu wa tangu mwaka wa kwanza, nimwite Nadège, ndiye aliyenishika kichwa siku ile nilipotapika. Barua ilipotoka alilia kunishinda. Nilipomuuliza ni nani angeweza kunifanyia vile, hakufikiri hata kidogo.

"Ni ule mutoto wa Sakania," alisema. "Alipita na ndoo ya maji, akatuona. Na minamuonaka anaingia ku bureau ya préfet."

Huyo wa Sakania ndiye Judith. Si jina lake la kweli. Alikuwa mgeni darasani, ametoka mji wa Sakania, mkimya, anakaa kwa shangazi yake. Mimi sikuona ndoo wala Judith, lakini niliamini palepale. Nikahama benchi nisikae karibu naye. Nikawaambia wengine, na wengine wakaambiana. Mwaka wote wa sita hakuna aliyemwazima daftari, na saa ya mapumziko alikula peke yake. Siku moja alinifuata mbele ya watu.

"Nilikukosea nini?" akauliza.

"Uulize préfet," nikamjibu, na darasa zima likacheka. Nilijisikia mjanja sana siku hiyo.

Sasa nimetoa madaftari yote ya zamani nalinganisha miandiko. Haisaidii, mwandiko wa kwenye mgongo wa mtu anayechezacheza haufanani na wa daftarini, na ile feutre ya kijani ilipita mikononi mwa wengi. Nimemshuku chef wa darasa, kiranja wetu. Nimemshuku kijana niliyemkataa. Nimemshuku hata Judith mwenyewe, kwamba ameandika ili ajisafishe. Lakini kila nikizunguka narudi kwa Nadège. Ni yeye tu aliyekuwa nami nyuma ya vyoo. Na siku ya mashati aliniandikia kifuani "Dada yangu wa milele," halafu akasema, "Geuka, huku mbele kumejala." Nimelitandaza shati kitandani. Mbele hakujajaa, chini ya mfuko kuna nafasi ya viganja viwili.

Jumamosi hii ninahamia Karavia, mtaa wa hapahapa mjini, kwa mjomba wake Nadège. Tutalala chumba kimoja, tutasoma chuo kimoja, wazazi wameshakubaliana. Jana amenipigia akiuliza nataka kitanda cha upande gani. Nilimjibu vizuri, nikacheka, huku naisikiliza kila pumzi yake. Sitaki kuishi hivi miaka mitano, nikimchunguza mtu akila, akilala. Mama anasema, "Muulize tu. Ao niifule hiyo chemise, biishe?"

Nikimuuliza na kumbe si yeye, nitakuwa nimemtupia mtu mwingine kosa bila kuona kitu, vilevile nilivyomfanyia Judith. Nikinyamaza, huenda nalala pembeni ya mkono ulioandika barua ile.

Na kuna jambo sijamwambia hata mama. Siku ya mashati Judith alinijia. Shati lake lilikuwa jeupe, nadhani lina majina mawili tu. Akaniaga kwa kuandika kwenye mkono wa shati langu, na jina lake kamili, "Ubakie muzuri." Kisha akageuka, akanipa mgongo niandike na mimi. Nilimwambia wino umeisha. Feutre ilikuwa mkononi mwangu, nzima kabisa. Alisubiri kidogo, akaenda. Amesharudi Sakania, na namba yake sina, kwa sababu sikuwahi kumuomba.

Nishaurini ndugu zangu, bila kunitukana kama mnaweza. Nianze na nani, Nadège au Judith? Na kama Judith unasoma hapa, hilo shati lako usilifue bado.