Mnyama wa Chini ya Baraza

Tulipokuwa tukiishi mtaa wa Phillips, hapa Minnesota, mimi na rafiki yangu tulitumia kitanda kimoja kwa zamu: yeye akirudi kutoka kazini asubuhi, mimi natoka. Yeye Mkenya, mimi Mtanzania, sote tukiwahudumia wazee. Kwa hiyo nilipopata nyumba huku Blaine, na yeye ndoa yake kule kwao, alikowaacha watoto, ikavunjika, hakuwa na haja ya kuniomba. Nilimpa chumba cha chini na ufunguo wake.

Mnyama tulimwona Februari, mchana kweupe, akijikokota juu ya theluji nyuma ya nyumba.

"Panya!" mwenzangu alipiga kelele. "Wewe, ona panya mkubwa kama paka!"

Hata mimi nilidhani ni panya, kwa sababu ya ule mkia mtupu usio na manyoya. Aliingia chini ya baraza la mbao, asitoke. Nikaanza kumtafuta kwenye simu. Kwanza nilifikiri ni rakuni, lakini rakuni ana weusi kuzunguka macho na mkia wenye pete pete, na huyu uso wake ulikuwa mweupe, pua ya rangi ya waridi. Kisha simu ikaniletea picha za wanyama waitwao posamu, wenye mikia minene ya manyoya, nikazidi kuchanganyikiwa, mpaka niliposoma kwamba hao ni wa Australia, ndugu wa mbali tu. Hapa Minnesota wako wa aina moja peke yake: wa kijivu, mkia mtupu, masikio meusi membamba. Masikio ya huyu wetu yalikuwa yameliwa na baridi kwenye ncha. Asili yao ni nchi za joto, wamepanda kaskazini kidogo kidogo, na kila kipupwe kinawakata masikio na mkia. Hilo lilinigusa.

Kesho yake nilimwita mwenzangu tuangalie nyayo.

"Njoo uone, mguu wa nyuma una kidole gumba. Kama mkono wa mtoto."

Nilimweleza yote niliyosoma: kwamba akitishwa sana huanguka, mdomo wazi, akanuka uozo, ukaapa amekufa; baadaye huinuka akaenda zake. Kwamba wanawe huwabeba kwenye mfuko wa tumboni. Alisikiliza, akacheka, akanishika mkono.

"Sawa basi, akae mpaka theluji iishe. Ni mgeni wetu."

Nikawa ninamwekea maganda ya mayai na vipande vya tufaha.

"Ila usiwaambie wa kanisani," nilimwambia. "Hawatanielewa."

"Mimi? Nimwambie nani sasa?"

Machi tulikwenda pamoja, kwa gari langu, kwenye maombi ya akina mama kule Maplewood, nyumbani kwa mke wa mchungaji. Nilikuwa nimepakata mtoto wa mama mmoja niliyemzoea. Tukafumba macho, na mama mchungaji akaomba kwa sauti nzito.

"Mfungue, Bwana, dada yetu aliyefungwa na giza. Anayelisha kitu chenye mkono wa mtoto, kitu kinachokufa na kufufuka."

Nikafumbua macho. Wengine nao walikuwa wamefumbua, wakinitazama. Mama wa yule mtoto aliinuka polepole, akamchukua kutoka mapajani mwangu. Rafiki yangu peke yake ndiye aliyebaki amefumba macho, ameyakaza.

Ndani ya gari sikuwasha injini.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaomba wakuombee tu. Nilikuwa na wasiwasi juu yako."

"Ulijua ni posamu. Nilikuonyesha nyayo zake."

Alitazama nje. "Watu walikuwa wanauliza vile ulipata nyumba haraka hivi. Sikuwa na jibu."

"Jibu ulikuwa nalo! Ulikuwa unalala kwenye kitanda changu nikienda kuitafuta hiyo nyumba!"

Alifunga mkanda. Tulirudi Blaine, na wiki hiyo hiyo akahamia kwa mmoja wa akina mama wale. Ufunguo aliuacha juu ya jiko.

Nilimwendea mama mchungaji na picha kwenye simu. Nilimwonyesha mkia, masikio, kile kidole gumba. Alitazama kwa makini, akanirudishia simu.

"Nimeona, mwanangu. Ni mnyama tu. Lakini kwa nini usimfukuze, watu wakanyamaza?"

Nadhani nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza. Siku hizi ninasali mjini Saint Paul, kwenye kanisa ambalo hakuna anayeuliza ninakaa wapi. Mnyama alijiondokea mwenyewe theluji ilipoyeyuka. Sikumfukuza.

Rafiki yangu nilikutana naye mwaka jana, kwenye msiba wa mtu tuliyemfahamu sote. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula nikasikia sauti yake nyuma yangu, kubwa, ya furaha, ili kila mtu asikie.

"Jamani, dada yangu! Umepotea wewe!"

Akanikumbatia. Nilisimama nikiwa nimeshika sahani kwa mikono miwili, nikamwacha anikumbatie mpaka achoke. Kisha nikamwuliza kama wanawe hawajambo, akasema hawajambo, na foleni ikasogea.