Kissa na Bosi Wapanda Nanling

Kissa wa Tukuyu ana sifa moja pale Tianxiu, lile jengo la Xiaobei ambamo Waafrika hufungasha mizigo ya kwenda nyumbani: hawezi kuona pengo akaliacha. Mpe kontena lililojaa, atakuonyesha pembe ambayo hukuiona, na hapo atapenyeza sufuria, ndani ya sufuria viatu, ndani ya viatu soksi. Miaka yote aliyokaa mji huo wa Guangzhou, China, kazi yake imekuwa kuwafikishia watu vitu vyao. Chake mwenyewe kilikuwa kimoja tu, mbwa wa rangi ya tangawizi aliyemwokota Sanyuanli kwenye uwanja wa kupakilia, akamwita Bosi kwa kuwa hakuwahi kumtii mtu.

Mwaka huu Bosi alizeeka ghafla. Miguu ya nyuma ikaanza kumsaliti, na daktari wa wanyama akashauri sindano ya kumlaza moja kwa moja.

"Buyao!" Kissa alimkatalia kama anavyowakatalia wachuuzi sokoni. Sitaki. "Atakufa siku yake ikifika. Na hafi kabla hajalala kwenye baridi ya mlimani."

Mtu wa Tukuyu huyo, kazaliwa kwenye ukungu na migomba. Joto la Guangzhou hakulisamehe hata siku moja, na mbwa wake mwenye manyoya tele alilichukia vilevile. Basi majani yalipoanza kugeuka rangi huko kaskazini, akakodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo, avuke safu ya milima ya Nanling hadi jimbo la Hunan. Yeye na Bosi, hakuna wa tatu.

Hakuna wa tatu? Thubutu! Habari ilifika kanisani kabla yake, na Theophil, mwenyekiti wa ushirika wao, akamsubiri mlangoni.

"Dada Kissa, gari lote hilo mtu mmoja na mbwa? Si dhambi hiyo?"

"Amri ya ngapi, mwenyekiti?"

"Vijana wetu wanasoma Changsha, huko huko Hunan, na baridi inaingia. Wapelekee hata unga."

Hata unga! Ukimchekea nyani utavuna mabua. Kissa akasema haya, unga sawa. Kesho yake vikaja dagaa, makoti, mablanketi, na Judica, muuza nguo wa Same, akaleta cherehani ya kumpelekea mpwa wake bila hata aibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na badala ya kuwatimua, Kissa akasikia mikono inamwasha. Kaona pengo! Akapanga. Akapanga kwa ufundi hadi watu wakampigia makofi, na mlango wa nyuma ukafungwa kwa kusukumwa na goti. Kitanda kikawa chini ya magunia. Bosi akabakiziwa sakafu ya mbele, miguuni pa kiti cha abiria, kajikunja.

"Vumilia, baba," Kissa alimwambia, na aibu ilimpitia usoni, lakini akawasha gari.

Nanling ilianza kwa upole. Kando ya barabara miti ilikuwa ya manjano kama binzari, na hewa iliyoingia dirishani ilikuwa ile ile ya utotoni kwake. Kisha zikaja kona. Aliyekwishapita mlima wa Kitonga kule nyumbani haogopi kona, ila gari lilikuwa linahema, mshale wa joto unapanda, na huko nyuma mizigo inagongana. Kwenye kona kali kuliko zote gunia la unga lililopakiwa juu ya kiti cha abiria likaporomoka likamwangukia Bosi mgongoni. Akalia sauti ambayo Kissa hakuwahi kuisikia kwake.

Alisimama mbele ya duka la kijijini, akamtoa kwa mikono miwili. Hakuvunjika, ila alitetemeka, na aliposogezwa tena mlangoni akageuza uso. Mbwa mzima anakataa gari, na ana haki.

"Pumbavu wewe, Kissa," alijiambia kwa sauti, na muuza duka akamtazama.

Duka lile, kama mengi ya vijijini siku hizi, lilipokea pia vifurushi vya kusafirishwa. Kissa akashusha kila kitu, gunia kwa gunia, cherehani mwisho, huku hasira inamsaidia kubeba. Kisha akampigia Theophil.

"Mwenyekiti, mizigo yenu nimeikabidhi kwa watu wa vifurushi. Itafika Changsha kabla yangu."

"Na gharama je?"

"Atalipa anayepokea."

"Dada Kissa! Watu watasemaje?"

"Waseme. Mimi si kontena."

Bosi alipoona gari ni tupu, akakubali kuingizwa, wakaendelea kupanda mlima. Kule juu kabisa, barabara inapoingia Hunan, Kissa aliegesha na kufungua mlango. Bosi akashuka mwenyewe, polepole, akanusa ukungu, akaenda hadi kwenye nguzo ya mpaka na kuinua mguu. Aliyumba. Hakuanguka. Kissa akacheka huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Alikuwa anachemsha chai Judica alipopiga simu.

"Dada, nasikia gari liko tupu sasa. Kuna vitambaa vyangu huko Hunan. Wakati wa kurudi, nafasi si ipo?"

Kissa aligeuka kutazama ndani. Bosi alikuwa kalala katikati ya kitanda, miguu kaitupa huku na huku, anakoroma. Kulia kwake pengo, kushoto kwake pengo.

"Nafasi hakuna," akasema. "Limejaa."