Fundi Abdulghafur Aliyeibishia Galaksi Hodi

Ukitaka kumjua Bwana Abdulghafur, usimtazame. Msikilize. Hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jikoni kwako, jirani ndiye anayekuombea rehema. Paa la huyu linachungulia paa la yule, na huko juu ndiko wanawake wanakoanika nguo, wanakokausha nywele, wanakokaa na kanga moja tu jua likipunga. Kwa hivyo fundi anayepanda kwenye mapaa ya watu ni lazima aaminike kuliko benki. Bwana Abdulghafur hutengeneza matangi, nyaya na madishi, na kabla hajamaliza ngazi husimama, akazungushia mdomo viganja, akanguruma kwa Kiamu chetu, ambako juu ni yuu:

"Hodi yuu! Fundi apanda!"

Kisha hungoja. Akisikia "Pita!" hupanda. Akinyamaziwa hurudia, mpaka mara tatu, kama tulivyofunzwa madrasa, na ya tatu isipojibiwa hugeuka akaenda zake hata kama tangi linamwaga maji mpaka njiani. Mwito huo aliurithi kwa baba yake, mkwezi wa minazi kule Wiyoni.

"Baba alianguka mnazini mara moya tu," aliniambia siku moja, "na alipokuwa akianguka aliita hodi, maana alikuwa aelekea uwani kwa watu."

Sijui kama ni kweli, lakini alisema bila hata kutabasamu.

Masaibu yake yalianzia kwetu, sisi wa Chama cha Anga shuleni. Iko darubini huko juu kabisa, nje ya hewa yetu, inayotazama galaksi za mbali, na picha zake mbichi huwekwa wazi kwa yeyote. Mbichi, yaani nyeusi na nyeupe, wewe mwenyewe ndiye wa kuzitia rangi. Sisi tulichagua galaksi moja yenye mikono iliyojizungusha kama maji yanayoshuka kwenye tundu la karo. Ila picha ilikuwa nzito mno, na intaneti ya shule ikiivuta ilikuwa inazimia. Mwalimu Nour, mlezi wa chama, akamwomba mama yangu, na mama akakubali dishi la intaneti lifungwe juu ya paa letu.

Bwana Abdulghafur alipanda nalo (hodi, pita, kila kitu sawasawa), akalifunga, akashuka. Mlangoni akakutana na Bi Alawiya, jirani yetu wa ukutani, mwanamke ambaye mtaa mzima humwamkia kabla ya kuamkia wazazi wao.

"Abdulghafur, kile cheupe ulichokipandisha ni nini?"

Mtu mwingine angesema "ni intaneti" akaenda zake. Lakini huyu hajui kudanganya, hata kwa kufupisha. Akasema, "Ni cha darubini ya watoto wa skuli, Bi. Darubini iko yuu, yapiga picha, picha zashukia hapa."

Basi. Kabla ya magharibi Langoni yote ilikwisha kujua kwamba Abdulghafur ametega jicho juu ya paa.

Wallahi sijaona kitu kama kile. Wanawake walianza kuanika nguo wakiwa na buibui na nikabu, kila mtu peke yake juu ya paa lake, amejifunika kama anakwenda mazikoni. Bi Alawiya alianika nguo kisha akazitandikia shuka juu, zisionekane, na hazikukauka wiki nzima. Kuku wake akamvika kilemba.

"Huyu naye wa nini, Bi?" nikamuuliza.

"Ana mayai," akanijibu. "Hataki kuangaliwa."

Na Bwana Abdulghafur akakosa wa kumjibu. Nilimwona akipita na waya begani, akisimama kwenye ngazi za watu. "Hodi yuu!" Kimya. "Hodi yuu!" Kimya. Unasikia kabisa watu wako juu, unasikia hata wakitafuna, lakini kimya. Mara ya tatu, kisha anageuka. Alikuwa anakwenda mtaa mzima akigeuka hivyo. Alikonda. Mwishowe alimjia mama.

"Bi, mimi si kazi inayoniuma. Naita watu hawanijibu, kama kwamba nimekufa na sikuambiwa. Waite wake wa mtaani waione hiyo picha. Kama kuna paa la mtu mle, nitahama hapa Amu."

Mama akaandaa kahawa na halua, akawaita majirani baada ya alasiri. Walikuja wote isipokuwa Bi Saadiya wa nyumba ya nyuma, aliyesema hawezi kwenda kujitazama mwenyewe. Bwana Abdulghafur alibaki ngazini, ametupa mgongo, jasho linamtoka. Mwalimu Nour akaiwasha picha kwenye televisheni yetu.

Nilikuwa nimeitia rangi mwenyewe, buluu kwenye mikono na dhahabu katikati, na mpaka leo nikiifikiria nasisimka. Bi Alawiya akaisogelea, akaikagua pembe moja baada ya nyingine.

"Si Langoni hii."

"Si Langoni, Bi," nikasema. "Kila kinukta ni jua, kama hili letu. Mabilioni."

"Na wenyewe?"

"Hatujui kama wapo. Na mwanga huu uliondoka kule miaka zaidi ya milioni thelathini iliyopita."

"Kwa hivyo huenda washakufa?"

"Nyota nyingine, ndiyo," akasema Mwalimu Nour.

"Inna lillahi," wakasema wanawake wote pamoja, na mmoja akaweka chini kipande chake cha halua.

Mwalimu Nour alianza kueleza jambo, lakini Bi Alawiya alikuwa amekwisha kuvua kanga yake ya begani na kuifunika televisheni.

"Mwawatazama watu majumbani mwao, wazima na maiti, na hakuna aliyewaitia hodi! Abdulghafur!"

"Labeka, Bi."

"Wewe ndiye wajua kuita. Panda uwaitie."

"Bi Alawiya, sauti haifiki," Mwalimu Nour alisihi. "Na jibu lingekuja baada ya miaka milioni sitini!"

"Wewe wajuaje wana haraka?"

Bwana Abdulghafur akapanda mpaka ngazi ya mwisho, sisi nyuma yake. Akamuuliza mwalimu watu hao wako upande gani, naye, amekata tamaa, akanyoosha kidole upande wa kijiji cha Shela. Akazungushia mdomo viganja.

"Hodi yuu!"

Kimya.

"Hodi yuu!"

Kunguru tu. Akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yakijiandaa kugeuka.

"Hodi yuu! Fundi apanda!"

"Ngoja! Sijavaa!"

Bi Alawiya akanishika mkono. "Subhanallah," akanong'ona, "wana haya kama sisi."

"Haya, pita!" ile sauti ikaendelea. "Na uje na spana, tangi langu lavuja tangu juzi!"

Ilikuwa Bi Saadiya, nyumba ya nyuma. Mdomo ulikuwa umemjibu kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Bwana Abdulghafur alisimama pale, macho yamejaa maji. Mwalimu Nour akauliza kama sasa tunaweza kuifunua galaksi.

"Aliyeruhusu ni mwenye tangi," Bi Alawiya akamkata. "Wale hawajajibu."

Fundi alikwisha kuondoka bila viatu. Tukamsikia akipokelewa kwa matusi mazuri ya Bi Saadiya, na kabla hajafungua hata nati moja, sauti nyingine ikatoka paa la pili: "Abdulghafur! Ukimaliza hapo uje kwangu, dishi limelala!" Na nyingine. Na nyingine. Bi Alawiya alisikiliza, uso ukamkunjika, akakusanya buibui lake na kushuka ngazi kwa kasi ambayo sikujua anayo.

"Kwangu kwanza!" alipiga kelele toka njiani. "Mimi ndiye niliyeanza kumnyamazia!"