Kisahani cha Kabula

Mlenda ukichemka na magadi una harufu yake, nzito, kama majani yaliyonyeshewa kisha yakapigwa na jua. Harufu hiyo ikinipata hata leo narudi Kasoli, nyumbani kwa shangazi, msimu ule wa kuchuma pamba. Baba alikuwa amekwenda Maswa kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akatuacha kwa dada yake: mama, mimi, na mdogo wangu Kabula, aliyekuwa bado na meno yake ya utoto. Mchana tulishinda shambani, pamba ikitung'ang'ania nyweleni mpaka tukafanana na vibibi. Mimi nilifurahi tu. Nilijilaza juu ya lundo la pamba nikajiona nimepanda wingu, naiangalia Bariadi yote kutoka juu. Shida ilikuwa jioni, maana jioni ndipo tulipokula.

Kabula alikuwa mtoto wa kuchagua chakula kupita kiasi. Alikula matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyokatwa na kuanikwa juani. Alikunywa maziwa, lakini yasiyo na utando. Ugali alikula ule usioguswa na mboga. Dagaa hakuwataka kwa sababu walimtazama. Mlenda ndiyo usiseme. Mama alishamzoea, hakumsumbua. Lakini kwa shangazi watoto wote tulikula bakuli moja, mikono ikipishana, na macho ya shangazi yalikuwa juu yetu.

"Huyu hakatai mboga," alisema. "Ananikataa mimi."

"Hapana wifi, ndivyo alivyo tangu mdogo."

"Ndivyo alivyo, au ndivyo ulivyomlea?"

Akambana Kabula pua, akamsukumia tonge linalovuta nyuzi za mlenda. Kabula akalitapika juu ya kanga ya shangazi, akachapwa. Kesho yake vilevile. Shingo yake ikawa nyembamba kama ya kifaranga, na shambani akaanza kulala katikati ya mistari ya pamba badala ya kucheza na sisi. Hapo nikaogopa kweli. Niliona mdogo wangu atakufa na njaa huku chakula kipo.

Basi nikajifanya nina akili. Nilikuwa nimegundua kwamba alichokuwa hataki ni vitu kuchanganyika. Nikatafuta kisahani cha bati, nikamwekea ugali upande huu, karanga za kuchemsha upande ule, katikati nikaacha peupe. Nikamkalisha pembeni, mgongo kwa wenzetu. Akala! Akala mpaka akalamba vidole, nami nikacheka peke yangu kwa furaha. Sikujua nimefanya nini. Jioni hiyo walikuwepo majirani waliokuja kutusaidia kuchuma, na kwa watu wa kule, mgeni akijitenga na bakuli la wote, akala chake alichotengewa na ndugu yake, ni sawa na kutangaza kwamba mpishi ana dawa ndani ya chungu. Wanawake wakaacha kutafuna. Mmoja akalirudisha tonge lake, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Shangazi akasimama. "Semeni sasa! Semeni mbele ya watu! Mchawi ni mimi?" Akachota mlenda kwa kiganja, akaumeza, akaachama tumwone hadi kooni. "Nimekufa? Eti, nimekufa?" Kisha akamgeukia Kabula. "Na wewe mifupa mitupu, nani kakwambia chakula changu kina kitu?"

Kabula akamtazama, mashavu yamejaa karanga. "Kinateleza," akasema.

Jirani mmoja akaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Shangazi akamkamata mtoto taya, mkono wa pili umejaa mlenda. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia wifi yake sauti, akaudaka ule mkono.

"Mwache mwanangu."

"Ukimtoa hapa, kaka yangu hana mke!"

"Basi nitakwenda nimsikie akisema mwenyewe."

Asubuhi tukashika njia ya Maswa kwa miguu, mama kambeba Kabula mgongoni, mpaka lori la pamba likatuokota. Baba alimsikiliza mama tangu mwanzo hadi mwisho. Neno lile hakulisema.

Siku hizi naishi Bariadi mjini. Hapa kila mtoto ana sahani yake na hakuna anayewaza uchawi, ingawa nakiri ule ugali wa mikono kupishana ulikuwa na utamu ambao sijaupata tena. Kabula amekuwa dada mrefu, ana afya, na mlenda hajaugusa. Mimi naota siku moja nitafungua mgahawa ambao watoto wataingia na kuonyesha kwa kidole wanachotaka, na nitawapa hichohicho. Shangazi bado yupo, bado ana hasira. Mara mojamoja hupiga simu, hata salamu hamalizi, anauliza wanangu wanakula nini.

"Wanachotaka, shangazi," namjibu.

Anakata simu.