Kinyungu Ukutani

Dada yangu alivunjika nyonga, akachukuliwa kutoka kijijini kwetu Iringa na kupelekwa kwa binti yake Mbeya. Mfupa uliunga, namshukuru Mungu, lakini yeye alikataa kusimama. Daktari alionya kwamba akiendelea kulala hatatembea tena. Binti yake akanipigia simu: mjomba, njoo, wewe anakusikiliza. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, nimekaa na wagonjwa wengi. Kwa dada yangu hata kukaa kulinishinda.

Nilimsalimia, kamwene, akaitikia huku anatazama ukuta. Nilisoma zaburi, nikaenda dirishani, nikarudi. Akasema namchosha macho. Ndipo akatoa lililokuwa moyoni: kinyungu chake kimekufa bila shaka, na mtu asiye na cha kurudia asimame aende wapi? Kinyungu ni bustani ya bondeni, tunayoilima kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Hicho dada alirithi kwa mama, na alipovunjika akanikabidhi mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Mwanangu alinipa simu yenye projekta ndogo ndani yake, inayotupa picha ukutani kwa miale ya leza. Kwenye kioo cha simu dada haoni kitu, ila ukuta mzima anauona. Siku moja kabla ya safari nilitoka nyumbani Kihesa, nikaenda bondeni, nikapiga picha.

Binti akafunga mapazia. Ilikuwa asubuhi ya Julai, na chai ilipoa kabla hatujaimaliza. Picha ikatokea: udongo mwekundu, anga la zambarau, mahindi meusi kama yamepitiwa na moto.

"Baridi imeyaunguza," dada akasema. "Na wewe umekuja kunisomea zaburi."

Nikamwambia ni mabichi, nimeyagusa kwa mkono wangu. Akageukia upande wa pili.

Nilizima, nikawasha, yakawa yale yale. Nikampigia fundi wa simu, mama mmoja wa usharika wetu. Alinicheka kwanza. Kisha akaeleza kwamba picha hutengenezwa na miale mitatu, mwekundu, wa buluu na wa kijani, na huo wa kijani ndio wenye taabu. Katika simu ya aina yangu huanza kama mwale usioonekana, ukapitishwa kwenye kipande cha fuwele kidogo kuliko punje ya mchele, ndipo unageuka kijani. Fuwele ikipoa sana, haugeuki.

"Ipashe joto, baba," akasema. "Usiiweke jikoni. Iweke mwilini."

Niliibana kwapani chini ya sweta, nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, tena na tena. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kungoja. Dakika zile zilinishinda. Niliomba huku natembea, na nakiri niliiombea simu.

Nilipoiwasha, kijani kilikuja hafifu, kikapotea, kikarudi, kikatulia. Bonde zima likawa ukutani. Dada akageuka tena kuutazama ukuta.

"Yale ya chini, karibu na mfereji, ni nini?"

Nikasema ni mahindi.

"Mahindi hayatambai."

Nilitazama vizuri. Yalikuwa magugu, yamefunika maharage yote ya upande ule. Siku ile nilipita pale akili ikiwa safarini, sikuyaona, au sikutaka kuyaona.

Akamwambia binti amletee magongo. Tulidhani anatania. Akashusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Niliiacha simu mezani. Zilikuwa hatua nne hadi ukutani, mimi nikiwa kando yake mikono tayari, bila kuthubutu kumgusa. Mahindi ya kwenye picha yakamwangukia mgongoni, juu ya kitenge. Akaegemea gongo moja, akagusa ukuta kwa kidole.

"Hapa. Na hapa. Siku hizi unapalilia kwa mdomo?"

Binti alikuwa analia, mimi naomba msamaha. Dada hakumsikiliza yeyote. Aliuliza kama basi la kesho la Iringa bado lina nafasi, akaongeza kwamba nafasi hiyo ni yangu, nikapalilie, si yake, kwa sasa.